Ekografi na upasuaji wa watoto mjini Bukavu: tathmini ya mzazi ambaye binti yake alikuwa na uvimbe wa limfu tumboni

Kwa miezi mitano binti yetu alihudumiwa kama mtoto mwenye bwaki, yaani utapiamlo wa kuvimba, kisha kama mtoto mwenye minyoo, kisha kama mtoto mwenye maji tumboni, na katika miezi hiyo yote hakuna mtu aliyemlaza ubavu. Naanza na jambo hilo dogo kwa sababu ndilo lililotenganisha huduma mbaya na huduma nzuri katika safari yetu. Ninayoitathmini hapa ni huduma ya ekografi, yaani kupiga picha za ndani ya mwili kwa mawimbi ya sauti, na ya upasuaji wa watoto tuliyoipata mwaka 2023 katika hospitali moja ya komini ya Ibanda, hapa Bukavu, ambako daktari mmoja mwanamke alimgeuza mtoto kutoka mgongoni hadi ubavuni, akasubiri kidogo, akaweka kipimo tena juu ya tumbo lake, na kwa kufanya hivyo akatambua kile ambacho wengine walikuwa wamekikosa. Jina la hospitali silitaji. Nina lawama dhidi ya vituo vingine viwili, na katika mji ambao watu wanajuana kama huu wetu, ukimtaja mmoja unakuwa umewataja wote.

Mama yake ndiye aliyeona kwanza. Mtoto alikuwa na umri wa mwaka mmoja na miezi kumi, na kitenge alichokuwa akimbebea mgongoni tangu kuzaliwa, ambacho siku zote kilibaki na ncha ndefu za kufunga fundo kifuani, kilianza kukosa urefu. Alinieleza jambo hilo jioni moja nikiwa nasahihisha madaftari ya wanafunzi, nami nikajibu kwamba mtoto anakula vizuri na anakua. Jibu hilo linaniuma hadi leo.

Tulikwenda kwenye kituo cha afya kilicho karibu na nyumbani, huko Kadutu. Muuguzi alimpima mkono kwa ule utepe wa rangi tatu unaotumika kutafuta utapiamlo kwa watoto wa miezi 6 hadi 59: chini ya milimita 115 ni nyekundu, kuanzia hapo hadi karibu na 125 ni njano, na 125 kwenda juu ni kijani. Binti yetu aliangukia kwenye kijani, lakini ukingoni kabisa, milimita 127. Kwenye mizani alikuwa na kilo 11.2, uzito ambao muuguzi aliusifu kwa sauti mbele ya akina mama wengine. Hapo palikuwa na mtego ambao niliuelewa baadaye sana. Maji yaliyojikusanya ndani ya tumbo yalikuwa yakihesabiwa kama nyama ya mwili, hata mizani ikaonyesha mtoto anayenenepa wakati mikono na mapaja yake yalikuwa yakipungua mwezi baada ya mwezi. Yeyote mwenye mtoto ambaye tumbo lake linakua huku mikono ikikonda, naomba asiridhike na namba ya mizani peke yake.

Pamoja na utepe kuonyesha kijani, neno bwaki lilitamkwa, na simlaumu muuguzi kwa kulifikiria. Ugonjwa huo una historia ndefu katika milima yetu. Kituo cha utafiti cha Lwiro, upande wa Kabare, kilishughulika na utapiamlo wa watoto kwa miongo mingi, na hakuna mama wa Kivu asiyejua sura ya mtoto wa bwaki: miguu inayovimba na kubaki na shimo ukiibonyeza kwa kidole, nywele zinazogeuka rangi na kung'oka bila nguvu, ngozi inayobambuka, na huzuni ya kukataa kucheza na kula. Binti yetu hakuwa na hata moja kati ya hayo. Nywele zake zilikuwa nyeusi na nzito, miguu mikavu, na alicheza hadi usiku. Alikuwa na tumbo tu. Tulipewa unga wa uji wa masoso, mchanganyiko wa mahindi, mtama na soya, na ushauri wa kuongeza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, na mayai, tukafuata yote, na tumbo likaendelea. Mwezi uliofuata tukapewa dawa ya minyoo, tukafuata pia. Muuguzi wa pili alipapasa chini ya mbavu za kushoto akitafuta bandama iliyovimba kwa malaria, akasema haipati vizuri kwa sababu tumbo limekaza. Sentensi hiyo ilipaswa kumfanya atutume mbele siku hiyohiyo.

Nyumbani mambo yalikuwa yanaharibika kwa namna nyingine. Shangazi yangu alitaja karuho, ile sumu ya polepole ambayo huku kwetu hutajwa kila ugonjwa usioeleweka unapoingia katika nyumba, na macho ya baadhi ya ndugu yakaanza kumwelekea jirani mmoja mzee ambaye mara nyingi alimpa mtoto ndizi. Mama yangu mzazi naye alimwuliza mke wangu, mbele yangu, alikula nini wakati wa ujauzito. Nayaandika haya katika tathmini ya huduma ya hospitali kwa sababu, kama nitakavyoeleza, sehemu kubwa ya thamani ya huduma ile ilikuwa kuyazima maneno haya.

Kituo cha pili ninachokilaumu ni chumba cha ekografi cha binafsi, ambako tulikwenda wenyewe mtoto alipofikisha miaka miwili na miezi miwili. Fundi alimlaza chali, akapitisha kipimo juu ya kitovu na pande mbili za tumbo, akachapisha picha mbili, na kwa muda usiozidi dakika nne alikuwa ameandika neno asite, yaani maji yaliyotapakaa tumboni. Kwa karatasi hiyo, kituo cha afya kilianza kuzungumzia kifua kikuu cha tumbo na kupanga kumtoboa kwa sindano ili kuyatoa maji. Tulikuwa tumekwisha kupewa siku. Tulichokuja kuambiwa baadaye ni kwamba kutoboa bila kujua unatoboa nini kungeweza kusababisha damu kuvujia ndani ya uvimbe au kuuingiza uambukizo, na kwamba hata bila madhara hayo, maji yangerudi, kwa kuwa mfuko unaoyatengeneza ungebaki palepale. Kilichotuokoa na sindano ile ni kwamba wiki hiyo mtoto alitapika usiku wa siku mbili mfululizo, akilia huku amekunja magoti, na mwalimu mwenzangu, ambaye mkewe ni mkunga, akatusihi tumpeleke Ibanda asubuhi bila kungoja.

Sasa nifike kwenye huduma yenyewe. Mapokezi si mazuri. Foleni huanza saa kumi na mbili asubuhi, viti havitoshi, na siku tuliyofika umeme ulikatika mara mbili kabla ya saa tano, kila mara mashine ikasubiri jenereta iwashwe na ianze upya. Ila ndani ya chumba cha ekografi mambo yalibadilika. Bukavu iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,500, na asubuhi zake ni za baridi. Chupa ya ile jeli wanayopaka tumboni ilikuwa imewekwa ndani ya bakuli la maji ya uvuguvugu. Hawakumvua mtoto nguo zote. Hawakumlaza kwenye kitanda peke yake, bali walimwomba mama yake apande kitandani na kumpakata, na kwa dakika za mwanzo daktari hakupima chochote, alimwachia mtoto ashike kile kichwa cha kipimo na kukipitisha mwenyewe juu ya mkono wake. Nimewahi kuona watoto wakishikwa na watu watatu ili wapimwe. Mtoto anayelia hujaza tumbo hewa, na hewa huificha picha. Upole wa daktari yule ulikuwa pia ufundi.

Alipima kwa zaidi ya nusu saa. Alianza na ini, akaenda kwenye bandama, akapima figo mbili, akatafuta kibofu, na kwa kila kiungo alitaja kwa Kiswahili anachokiona na kama ni kizima. Mtoto akiwa chali, kioo kilionyesha weusi mpana wa maji mbele ya utumbo. Ndipo akamgeuza ubavu wa kushoto. Akasubiri, akapima, akamgeuza ubavu wa kulia, akasubiri tena, akapima. Kisha akaniita: «Papa, sogea karibu uone. Maji yaliyo huru hutafuta bonde, yanashuka upande wa chini na utumbo unaelea juu yake. Haya hayakwenda popote. Na utumbo hauelei, umesukumwa nyuma.» Akanionyesha nyuzi nyembamba nyeupe zilizokatiza weusi ule na kuugawa katika vyumba vikubwa na vidogo, mfano wa sega la nyuki ambalo vyumba vyake havilingani. Akawasha rangi inayoonyesha mwendo wa damu, na ndani ya vyumba hapakuwa na rangi yoyote, ila mistari myembamba kwenye baadhi ya kuta. Alisema picha hiyo, kwa mtoto wa umri huo, inamfanya afikirie kasoro ya kuzaliwa ya mishipa ya limfu, iliyokaa katika utando unaoshikilia utumbo mdogo. Alisema pia kwamba anafikiria, hajathibitisha, na akataja vitu vingine ambavyo daktari wa upasuaji atavipima dhidi yake, kama vile mfuko unaotokana na utumbo wenyewe au, kwa mtoto wa kike, uvimbe wa ovari.

Nieleze kidogo nilivyoelezwa, maana wazazi wengi hatujawahi kusikia habari ya limfu. Mbali na mishipa ya damu, mwili una mishipa mingine myembamba inayokusanya majimaji yanayobaki kati ya seli za mwili na kuyarudisha kwenye damu. Majimaji hayo ndiyo limfu. Wakati mtoto anaumbwa tumboni mwa mama yake, sehemu ya mishipa hiyo inaweza kushindwa kuungana vizuri na njia kuu, ikabaki kama vifuko vilivyofungwa ambavyo hujaa polepole. Hali hiyo kwa jumla hukadiriwa kumpata mtoto mmoja kati ya 2,000 hadi 4,000 wanaozaliwa, na walio wengi hujulikana kabla ya kutimiza miaka miwili, kwa sababu uvimbe huwa shingoni au kwapani, mahali ambapo jicho linauona. Ndani ya tumbo hutokea kwa wachache sana, takriban mmoja kati ya ishirini wenye hali hii, au pungufu ya hapo, na hapo ndipo ugumu ulipo: unakua gizani, mtoto akiendelea kucheza, hadi siku utumbo unapobanwa au uvimbe unapovuja damu. Mahali unapopenda zaidi ni ule utando wenye mafuta na mishipa unaoshikilia utumbo, ambao kila aliyewahi kusafisha matumbo ya mbuzi anaufahamu. Vifuko vikiwa vikubwa vinapasuliwa au kutibiwa kwa urahisi zaidi. Vikiwa vidogo vidogo na vimejipenyeza katikati ya nyama, kazi huwa ngumu. Vya binti yetu vilikuwa vikubwa kwa sehemu kubwa.

Kwenye ripoti palikuwa na neno limfanjioma, na usiku ule sikulala, kwa sababu nilifundishwa kwamba majina yanayoishia hivyo ni ya uvimbe unaoweza kuwa saratani. Nilirudi asubuhi bila miadi. Daktari wa upasuaji alinipokea akiwa amesimama koridoni, akaniambia nisubiri, akamaliza kazi yake, kisha akakaa nami kwa muda ambao sikuulipia. Alinieleza kwamba neno hilo ni la zamani, na kwamba tangu mwaka 1982, watafiti wawili wa Marekani, Mulliken na Glowacki, walipotenganisha uvimbe wa mishipa ambao seli zake huzaliana na kasoro za mishipa zilizoumbika vibaya, jina sahihi limekuwa kasoro ya mishipa ya limfu. Si saratani na haigeuki kuwa saratani kwa mwendo wake wa kawaida. Inakua pamoja na mtoto, na inaweza kuvimba ghafla akipata uambukizo au damu ikivujia ndani. Nilimwomba aandike upya ripoti kwa jina jipya, akafanya hivyo kwa mkono, akatia sahihi. Kuna hospitali ambako ombi kama hilo lingepokelewa kama kiburi cha mwalimu.

Kisha nikamwuliza swali lililonileta kweli. Nilimwuliza kama mama wa mtoto alikula au alifanya kitu kibaya, au kama mtu alimtendea mtoto. Hakucheka wala hakunikaripia. Alisema kwamba tangu mwaka 2015 inajulikana kuwa kwa wagonjwa wengi wa hali hii kuna badiliko katika jeni moja iitwayo PIK3CA, badiliko linalotokea katika seli chache za mtoto mwenyewe akiwa bado anaumbwa, ambalo halikutoka kwa baba wala kwa mama, na kwa hiyo halitegemewi kuwapata ndugu zake watakaozaliwa. Hakuna chakula kinachojulikana kulisababisha. Akanitaka nimlete mama yangu. Nilimleta siku ya tatu, na daktari yule, ambaye angeweza kuwa mjukuu wake, akamwita «Mama mkubwa», akamchorea kwenye karatasi ya dawa mfano wa mito inayoshuka kwenda ziwani na kijito kimoja ambacho mdomo wake umezibwa tangu mlima ulipoumbwa. Mama yangu aliitazama karatasi ile kwa muda mrefu. Jioni alimwomba mke wangu msamaha kwa Kishi, lugha ambayo huitumia kwa mambo mazito tu, na kesho yake akampelekea yule jirani mzee mkungu wa ndizi. Sijui hospitali ina sanduku gani la kuandikia kazi ya namna hii, lakini mimi naiweka juu kuliko upasuaji wenyewe.

Kuhusu matibabu, tulielezwa njia zote, hata zile ambazo hatukuchagua. Uvimbe mdogo usiosumbua unaweza kuachwa na kufuatiliwa kwa ekografi. Vifuko vikubwa vinaweza kuchomwa sindano inayoongozwa na ekografi, vikakamuliwa na kuwekewa dawa inayozifanya kuta zake zishikane. Dawa zinazotumika ni pamoja na doksisiklini, ambayo wengi tunaijua kama antibiotiki ya kawaida, na bleomisini, na nyingine iitwayo OK-432 iliyoanza kutumika kwa uvimbe huu huko Japani katika miaka ya 1980. Ipo pia dawa ya kunywa, sirolimusi, ambayo hupunguza uvimbe kwa baadhi ya watoto, hasa wale ambao hauwezi kutolewa wote, ila inadai kupimwa kiwango chake katika damu mara kwa mara, na inaweza kuleta vidonda mdomoni na kupunguza kinga. Kwa binti yetu, kutapika kwa siku mbili zile kuliamua. Uvimbe mzito unaoning'inia kwenye utando wa utumbo unaweza kuuvuta utumbo ukajisokota, na utumbo uliojisokota ukikosa damu hufa kwa saa chache. Daktari alidhani ulikuwa umeanza kujisokota na kujifungua wenyewe, na hakutaka kungoja mara ya tatu.

Aliandaliwa kwa siku nne. Tulitakiwa kuleta watu wawili wa kutoa damu. Walimu wenzangu wakaja watano. Upasuaji ulichukua saa tatu na nusu. Uvimbe ulitolewa wote pamoja na kipande cha utumbo cha sentimita 18 ambacho mishipa yake ya damu ilipita ndani ya uvimbe na haikuweza kutenganishwa, kisha ncha mbili za utumbo zikashonwa pamoja. Daktari alinionyesha kilichotolewa, katika ndoo nyeupe, mfuko wa vyumba vyumba wenye majimaji meupe kama maziwa yaliyochanganywa na maji. Weupe huo, alisema, ni mafuta ya chakula, kwa sababu mishipa ya limfu ya utumbo ndiyo inayoyabeba baada ya kula. Mtoto aliingia na kilo 11.9 na baada ya wiki alikuwa na kilo 10.3. Mke wangu alilia kuiona namba hiyo, na muuguzi akamwambia kwamba huu ndio uzito wa mtoto wake, ule mwingine haukuwa wake.

Wodi ya watoto ilikuwa safi na yenye watu wengi kupita kiasi, vitanda viwili vikihudumia watoto watatu usiku mmoja. Chakula kinapikwa na familia, kama kawaida yetu. Katika jambo hili wauguzi walifanya kazi ambayo sikuitegemea: kwa kuwa baada ya upasuaji wa namna hii limfu yenye mafuta inaweza kuvujia tumboni, mtoto alipaswa kula bila mafuta kwa wiki kadhaa, na muuguzi mmoja alikaa na bibi wa mtoto akapanga naye chakula kwa vitu vya soko la Kadutu. Uji wa mahindi na mtama bila soya wala karanga. Maharage yaliyochemshwa bila mawese, yakiwa yamechujwa maganda. Bugali mdogo laini, samaki wa kuchemsha asiyekaangwa, ndizi mbivu, papai. Sombe, yaani kisamvu, ya mawese ilikatazwa kabisa, na hiyo ilikuwa vita, maana mtoto wetu anaipenda kuliko kitu chochote. Hospitali nyingi hukwambia usimpe mafuta, basi; kupewa orodha inayoweza kupikwa kwenye mbabula, jiko letu la makaa, ni kitu kingine.

Yapo niliyoyachukia. Kipande kilichotolewa kilipelekwa kwenye maabara ya anapati, inayochunguza vipande vya mwili kwa darubini, ili kuthibitisha ugonjwa, na jibu lilichukua wiki tano, ambapo mara mbili niliambiwa karatasi imepotea. Jibu lilithibitisha kile alichokisema daktari wa ekografi, lakini wiki tano ni ndefu mno kwa mzazi anayengoja kusikia kwamba si saratani, na hospitali ingeweza kumpa mtu mmoja kazi ya kufuatilia majibu hayo. Ripoti zote huandikwa kwa Kifaransa cha kitabibu; mimi nilizisoma kwa shida, mama wa kitanda cha jirani hakuweza kabisa, na alikuwa akinipa zake nimsomee. Ekografi haifanyiki usiku wala Jumapili, na mtoto mwenye utumbo uliojisokota hachagui siku. Tena hesabu ya malipo haikueleweka. Ekografi ilikuwa dola 15, bei iliyoandikwa mlangoni, na sina neno juu yake. Bili ya upasuaji, dawa na siku kumi na mbili za kulazwa ilifika dola 460, ikiandikwa nusu kwa dola na nusu kwa faranga, kwa kiwango cha kubadilisha kilichokuwa tofauti kati ya karatasi mbili za siku moja. Nilipolalamika walisahihisha, ikapungua kwa dola 14. Asiyejua hesabu asingezipata. Tulilipa kwa likelemba ya walimu, yaani mchango wa kupokezana, ambayo wenzangu walikubali nipokee kabla ya zamu yangu, na kwa mituweli, bima ya afya ya wanachama, iliyobeba sehemu ya gharama za kulazwa. Nilimwona baba mmoja aliyekuwa amemaliza wiki ya pili akizuiliwa na mtoto aliyekwisha kupona kwa sababu ya deni, na hilo sitalinyamazia kwa sababu tu mimi nilihudumiwa vizuri.

Kama nikitoa alama, chumba cha ekografi nakipa tano kati ya tano, upasuaji tano, wodi nne, na ofisi ya malipo mbili. Binti yetu sasa amerudi kufanyiwa ekografi mara tatu, baada ya miezi mitatu, sita na kumi na miwili, na hakuna kifuko kilichoonekana tena. Ataendelea kuangaliwa mara moja kwa mwaka, kwa kuwa vifuko vidogo visivyoonekana siku ya upasuaji vinaweza kujaa baadaye. Mara ya mwisho aligeuka ubavu mwenyewe kabla ya kuambiwa, akamngoja daktari.

Kwa mzazi anayetaka kwenda: ekografi ya watoto hufanyika Jumatatu hadi Ijumaa, na namba hutolewa hadi saa mbili asubuhi tu. Mtoto mdogo asile kwa saa tatu au nne kabla, ila hakikisheni amelala vizuri, kwa sababu mwenye usingizi hulia. Chukueni kitenge cha kumfunika, picha na ripoti zote za zamani hata kama zilikosea, pamoja na kadi yake ya kupimwa uzito tangu kuzaliwa, maana daktari aliisoma ya kwetu mstari kwa mstari. Mkiambiwa ni maji tumboni, ombeni kwa heshima mtoto ageuzwe ubavu na mwonyeshwe maji yanapokwenda. Mkija kwa teksi kutoka Kadutu, shukieni barabarani, kwa sababu mlango wa magari hufunguliwa kwa wagonjwa wa dharura peke yao, na kuanzia hapo ni ngazi hamsini na mbili za kupanda na mtoto mgongoni.